Wiki Isiyofika Jumapili

Nilikuwa juu ya paa napigilia bati, msumari mdomoni, simu ikalia mfukoni. Nikaibana kwa bega. "Mwalimu wetu wa kompyuta ametutoka," sauti ikasema, na nusura niumeze ule msumari. Nilishuka ngazi kwa makalio kama mtoto anayejifunza kutambaa, nyundo nikaisahau huko juu. Mnaonisoma kila mara mnanijua, mie msiba huwa naupigia soga kwanza ndipo nilie. Nivumilieni.

Mwalimu alikuja Masasi miaka ile ya soko huria, kila kitu kilipokuwa kinaingia kwa fujo: wanunuzi wa korosho na malori yao, simu za kila rangi, na mitumba ya kila namna, mpaka kompyuta za mitumba. Shule yetu ilipewa hizo kompyuta, nzito, bwana, moja ilivunja meza ikachimba shimo, nyoka akahamia. Mwalimu mwenyewe alitokea huko kwenye ndizi, upande wa pili wa nchi. Alikuwa mrefu. Akiinama kufunga kamba za viatu, nyie mnakula, mnanawa, ndiyo kwanza anainuka. Mie nilikuwa kwenye kamati ya wazazi. Sikuchaguliwa kwa elimu, maana shule niliipita kwa nje nikienda kutega panya buku. Walitaka mtu mwenye sauti.

Basi siku moja kikaoni akatangaza, "Wazazi, Jumatatu tunaanza wiki darasani." Tukapiga makofi. Wiki si tunazijua? Wiki ya maji, wiki ya chanjo, mgeni rasmi, soda. Jumatatu akina mama wakaja na ngoma na sare za kanga, na mwenzetu mmoja akaja na mbuzi. Mwalimu akatoka mlangoni, akamtazama mbuzi, mbuzi akamtazama. "Wazazi wangu, hii wiki si ya siku. Ni ukurasa ndani ya kompyuta. Kila mwanafunzi anaandika humo, na mwenzake akiona kosa analifuta, anaweka lililo sahihi. Ukurasa unabaki wa wote." Mkubwa wa kamati, mzee mmoja mkali ambaye mjukuu wake wa kike alikuwa darasani humo, akauliza, "Inaisha Jumapili?" "Haiishi, Mzee." "Sasa wiki gani hiyo isiyofika Jumapili?"

Mbuzi alirudi kwao salama, ila lile neno "kufuta" lilimkaa mzee vibaya. Mtoto afute maneno ya mkubwa? Akapita nyumba kwa nyumba mpaka kijiji cha Chiwata akisema watoto wanafundishwa utovu wa adabu kwa umeme. Ikabidi uitishwe mkutano wa wazazi wote, tuamue chumba kiendelee ama kifungwe, kompyuta zikalale stoo. Mwalimu alikuwa amekataa uhamisho wa kwenda mjini kwa ajili ya kile chumba. Siku ya mkutano shati lake lilikuwa limelowa kama amevuka mto Ruvuma nalo.

Jenereta ikaunguruma, tukasongamana mbele ya kioo cha kompyuta, na yule mjukuu wa mzee akaanza kutusomea ukurasa wa zao la korosho. Sentensi ya kwanza aliiweka Mwalimu mwenyewe, ya mfano: "Korosho hupatikana ndani ya bibo, kama kokwa ndani ya embe." Msomaji wa mbali, korosho inaning'inia nje, chini ya bibo, lile tunda lake, kama hereni. Huku kwetu hata mtoto wa mgongoni anajua. Mwalimu alifika msimu umepita, bibo mtini hajawahi kuliona. Na wanafunzi? Wameandika chini yake, mmoja baada ya mwingine: "Shikamoo mwalimu. Ni kweli kabisa. Ila za kwetu Nanganga ziko nje." "Shikamoo mwalimu. Za bibi yangu nazo ziko nje, labda ni kivuli." Ukurasa ulijaa shikamoo, mrefu kama barabara ya Mtwara. Mwisho kabisa wanafunzi wa shule moja ya Newala, waliokuwa wanausoma kwa mtandao, wakaongeza lao: "Shikamoo mwalimu wa Masasi. Hongera. Huku juu mlimani bado hazijaingia ndani."

Tulicheka mpaka jenereta haikusikika. Mwalimu hakucheka. "Mlijua wote?" "Ndiyo, mwalimu." "Mbona hamkufuta?" Yule binti akainamisha kichwa. "Tulikuheshimu, mwalimu." "Mkaniheshimu mpaka nikawa mjinga Newala nzima!" Akamvutia kiti. "Futa, mwanangu." Mkono wa binti ukaning'inia hewani, macho kwa babu yake. Mzee akatazama wazazi, akatazama kile kioo, akapasuka, "Futa, mjukuu wangu! Futa upesi, Newala wanatucheka!" Binti akapiga goti kidogo, "Shikamoo mwalimu," akabonyeza. Sentensi ikapotea. "Marahaba," Mwalimu akasema, na ndipo akacheka. Kura haikupigwa. Ilikuwa ya nini tena?

Huwa naifikiria siku ile. Soko huria lilikuwa limetufundisha kila mtu na mzani wake, bei unamficha hata jirani, na katikati ya mambo hayo mgeni akatuletea kitu kisicho na mwenyewe. Tangu hapo nimeingia ofisi nyingi za watu wenye tai, na ninachokiona ni kilekile: mkubwa ameweka korosho ndani ya bibo, walio chini wote wanajua, wote wanaandika shikamoo. Tunaita adabu. Mie naona ni kumwacha mtu apotee peke yake huku unampungia mkono.

Tulimzika Chiwata, pembeni ya mikorosho yake mwenyewe, aliyokuja kuipanda baadaye. Mwenyekiti wa mazishi akasoma wasifu: "Marehemu, mgeni wetu mpendwa..." Mama mmoja akasimama, mwalimu naye siku hizi, kichwa kimeanza mvi. Alikuwa yule binti. "Shikamoo baba. Naomba kufuta hapo." "Wapi, mwanangu?" "Hapo kwenye mgeni." Mwenyekiti akatoa kalamu, akakata. "Niweke nini?" Zikaja sauti kila upande: "Mwenyeji!" "Mwenzetu!" "Mmakonde mrefu!" Akayaandika yote, na hapo ndipo mie nililia, kwa sauti ile ile iliyonipa kamati.

Ukiwa mkubwa wa watu, nyumbani ama kazini, acha nafasi ya kufutwa ungali hai. Anayekufuta mbele yako anataka usichekwe Newala. Na mie mnanijua. Kuhusu urefu wa Mwalimu nimeongeza kidogo. Mkiona kosa jingine humu, futeni tu, shikamoo si lazima.