Sahani Hairudi Tupu

Mama yangu alikuwa na sahani moja ya bati, nyeupe, yenye mdomo wa buluu. Chini yake alitia alama kwa rangi nyekundu ya kucha ili isipotee ikiazimwa harusini. Hiyo ndiyo aliyokuwa akimpelekea chakula daktari wa Kichina.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke, umri wangu, anakaa na wenzake nyumba ya pili kutoka kwetu Wawi. Jioni alikuja kumchoma mama sindano za magoti, zile nyembamba kama unywele. Kiswahili chake kilikuwa cha hospitali: vua, lala, wapi inauma. Mama hajali, anamsimulia ukoo mzima, naye anaitikia "ndiyo, mama" hata pasipopasa. Mara ya kwanza alipopelekewa muhogo wa nazi, aliirudisha sahani imeoshwa, inang'aa, haina kitu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ebo! Mwanangu, kwetu sahani hairudi tupu. Hata chumvi tia."

Basi haikurudi tupu tena. Mayai, njugu za kuchemsha, maboga machanga ya bustanini kwao. Mie nikinung'unika, sahani hiyo imepakuliwa nini huko, kama si nguruwe? Mama akinijibu, "Yai lina gamba. We kula, unyamaze."

Mama alifariki alfajiri, kwa presha. Daktari alikuwa Unguja kikazi. Baada ya adhuhuri tulishamzika. Siku ya tatu, tumo katika hitima, nikamwona mlangoni na mkoba wake wa safari.

"Mama wapi?"

Nikamwambia tumeshamzika.

"Mbona hamkuningoja?" Alisema kwa sauti, mbele ya watu. "Kwetu tunangoja."

Nikamjibu kuwa maiti hangoji mtu. Neno lenyewe la kweli, lakini nililisema kwa ukali, naye akarudi kwao bila hata kuketi.

Wiki chache baadaye nilikwenda kupalilia kaburi. Nikamkuta amechuchumaa, na mbele yake, juu ya udongo wa mama, pana sahani ya wali, yai na njugu. Mwenyezi Mungu anisamehe. Mie Mpemba, chakula juu ya kaburi nilikijua kwa maana moja tu. Nilivipiga teke vyote, sahani ikarukia kichakani.

"Mchawi we! Kumbe ndiwe uliyemla mama yangu?"

Neno mchawi alilijua. Wagonjwa walikuwa wakimtajia kila siku. Aliokota yai, akalifuta udongo, akalitia mfukoni mwa koti lake, akaenda zake.

Mwezi uleule muda wao ulikwisha, wakaondoka. Sikwenda kuaga.

Baadaye mke wangu alikwenda kukata kuni upande ule, akarudi na sahani iliyobonyea.

"Hii si ya mama?"

Akaigeuza. Alama nyekundu ipo. Nilikaa chini palepale nikalia, nikalia kuliko siku ya maziko. Masikini, mama alikufa sahani iko kwa daktari, naye akairudisha kama alivyofundishwa, kwa mwenyewe, pale alipolala. Na mie, mtoto wa kumzaa, nikamfukuza mgeni wa mama kama mbwa.

Niliigonga sahani mpaka ikanyooka, nikatia mayai ya kuku wetu, nikaenda nyumba ya madaktari. Walikuwa wameshakuja wapya. Aliyenifungulia alikuwa kijana mpole, miwani usoni. Nilitaka amwandikie yule dada barua, amwambie nimekosa, anisamehe. Nilisema kwa mdomo, nikasema kwa mikono, nikaonyesha ile alama. Hakuambulia hata moja. Alitabasamu tu, "Asante, asante," akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaingia ndani.

Nikasikia maji yanamwagika. Alipotoka aliniletea sahani ya mama, ameiosha vizuri, inang'aa, haina kitu.