Uso wa Mwenye Laini

Simu ya mama mdogo ilikuwa imejaa. Nimejaribu mara kadhaa kuanza kisa hiki mahali pengine, kwenye ukumbi wa chuo ambako wahojaji watano waliirudisha tasnifu yangu kama sahani isiyooshwa vizuri, lakini kila nikianza huko najikuta natafuta huruma nisiyostahili. Kwa hiyo naanza na simu.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Busia upande wa Uganda, kwenye kibanda chake cha dagaa, ambao sisi tunawaita mukene na wenzetu wa ng'ambo wanawaita omena. Nilikuwa nimekaa kwake wiki saba. Nilipoanguka baada ya mahojiano yale alisafiri hadi chuoni akanichukua, akanipa chumba alichokuwa akiwekea magunia, na katika wiki zote hizo hakuniuliza swali lolote kuhusu masomo. Siku hiyo alinyoosha mkono wenye magamba ya samaki, akanipa simu.

“Hii simu inakataa kufungua ile ya hisa,” alisema. “Wewe umesoma. Angalia.”

Ile ya hisa ilikuwa programu ya kununulia na kuuzia hisa, ya kampuni moja ya upande wa Kenya. Kwa miaka sita alikuwa akinunua humo kidogo kidogo, kila mzigo ulipotoka vizuri. Sasa alitaka kuuza zote kabla ya Ijumaa, kwa sababu mwenye kiwanja kimoja huko Nagongera, nyuma ya soko, alikuwa amekubali kumngoja hadi siku hiyo na si zaidi. Kaka zake walikwisha kugawana shamba la baba yao huko Kirewa bila yeye, wakisema ameolewa. Mumewe alipofariki, wakwe walimwambia arudi kwao. Kiwanja kile kingekuwa mahali pa kwanza ambapo hakuna mtu angeweza kumwambia aondoke.

Niliketi juu ya debe nikaifungua simu kama ninavyofungua kila kitu, yaani kwa kupita kiasi. Nilichora jedwali kwenye daftari. Kulikuwa na nyimbo za kwaya zilizotumwa na watu wanane tofauti, video za rambirambi, na picha za magunia, mamia ya picha za magunia, kwa kuwa wafanyabiashara wa hapa hupiga picha kila gunia na namba ya gari kabla halijavuka, ubishi ukizuka upande wa pili wawe na cha kuonyesha. Picha hizo alinikataza kuzifuta. Ikabaki programu yenyewe, ambayo ilikuwa imevimba kupita zote.

Nilianza na kache, yale mabaki ambayo programu hujiwekea ili ifunguke haraka: michoro ya bei za jana, nembo za kampuni, habari zilizokwisha kusomwa. Kuyafuta hakumdhuru mtu. Nafasi ilipatikana, programu ikafunguka nusu, ikakwama kwenye ukurasa mweupe, na baada ya dakika chache simu ikajaa tena. Nikafuta mara ya pili. Ikawa vilevile.

Chini ya kitufe cha kache kulikuwa na kitufe kingine, cha kufuta data zote. Nilijua tofauti yake kikamilifu. Nilijua kwamba kitufe hicho huisahaulisha simu mtu aliyeingia, na kwamba hisa zenyewe hazikai ndani ya simu bali kwenye mitambo ya kampuni, kwa hiyo hazingepotea. Yote hayo yalikuwa sahihi. Hata leo, nikiupitia tena mfululizo ule wa hoja, sioni kiungo kilicholegea.

Mama mdogo alikuwa akitoka kwenda kwenye lango la mpaka kupokea mzigo. Alisimama mlangoni akaniona nimeinamia skrini.

“Pale pa kuingia usipaguse,” alisema. “Pale kuna mtu.”

Nilitabasamu. Niliamini kwamba anazungumza kama wanavyozungumza wazee kuhusu redio, kwamba ndani yake mmekaa watu. Kosa langu lote limo katika tabasamu lile. Nilingoja avuke barabara, nikabonyeza.

Programu ilifunguka safi na nyepesi. Iliomba namba, nikaiweka. Ilituma tarakimu za kuthibitisha, zikafika. Kisha ikachora duara katikati ya skrini na kutaka uso wa mwenye laini.

Aliporudi nilimwambia aweke uso wake mbele ya simu. Hakuipokea hata simu yenyewe. Alitazama duara lile kwa muda, akaketi.

“Si mimi,” alisema.

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mwenye kibanda katika mstari ule alilijua isipokuwa mimi. Laini ya Kenya husajiliwa kwa kitambulisho cha Kenya, na yeye hana. Kwa hiyo, kama ilivyo kwa wengi wanaofanya biashara mpakani, alikuwa na mtu wake wa ng'ambo: mwanamke mwenzake wa dagaa aliyemsajilia laini kwa jina lake, akaufungua mlango wa programu kwa uso wake, naye mama mdogo akamsajilia mwenzake laini ya Uganda. Walikuwa wakilindiana majina kwa miaka sita bila karatasi. Mlango ule ulifunguliwa mara moja tu, na haukuwahi kufungwa mpaka nilipoufunga mimi.

Niliuliza kwa nini asimpigie. Alisema hawasalimiani. Sikuuliza zaidi, na huo nao ulikuwa uzembe, maana mimi ninayehesabu kila kitu sikufikiri kuhesabu tangu lini.

Jumanne tulivuka. Mwenzake alikuwa ameketi dukani kwake, amejifunga kitambaa kichwani, amekonda. Alimpa mama mdogo kiti bila kumpa mkono. Mama mdogo alieleza kwa maneno machache na hakutaja jina langu wala kosa langu. Alisema tu kwamba simu ilijaa. Yule mama alinigeukia.

“Wewe ndiye msomi?”

Nilisema ndiyo.

“Nimekusikia sana. Nilidhani utakuwa mrefu.”

Alifuta mikono, akaichukua simu. Alitoa kitambulisho chake kutoka kwenye mkebe wa chai, nikakipiga picha. Alikuwa mnene katika picha ile, na nywele zilizosukwa hadi mabegani. Simu ilimtaka avue kilichofunika kichwa. Akakifungua kitambaa, nasi tukaona kichwa kilichonyolewa, chenye vinywele vya wiki chache. Aligeuka kulia, akageuka kushoto, akafumba macho na kufumbua, kwa utii ambao sikuweza kuutazama. Simu ikasema uso haulingani. Tukarudia karibu na dirisha. Uso haulingani. Mara ya tatu ikajifunga, ikaandika kwamba kampuni itapitia maombi hayo kwa siku kumi za kazi.

Alijifunga tena kitambaa polepole. Hakuwa na hasira usoni, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

“Ungekuja kumzika mama yangu,” alimwambia mama mdogo, “ungejua kwamba nilinyoa.”

Mama mdogo aliinamisha kichwa. Alisema, “Siku hiyo nilikuwa safarini, dada.” Hakusema safari ya wapi.

Nilihesabu nikiwa bado nimeketi pale. Wiki saba. Siku waliyomzika mama yake ndiyo siku mama mdogo alipokuwa ndani ya basi na mimi, nimelaza kichwa begani mwake, nikimweleza kwa urefu jinsi wahojaji walivyonionea.

Nilitaka kulisema. Nilitafuta sentensi iliyo kamili, yenye kukiri bila kujitetea, na kabla sijaimaliza kichwani yule mama alikuwa amesimama kumhudumia mteja.

Ijumaa ilipita. Kampuni iliufungua mlango wiki mbili baadaye, na hisa zilikuwemo zote, kama nilivyosema zingekuwemo. Mama mdogo alikwenda Nagongera hata hivyo, kwa bodaboda, akakuta wakala wa forodha kutoka Malaba amekwisha kuchimbisha mashimo ya nguzo kwenye kiwanja kile. Jioni ile alinisimulia habari ya mashimo tu: kwamba yalikuwa manne upande wa barabara na kwamba udongo wake ulikuwa mzuri.

Bado naishi katika chumba cha magunia. Bado wateja wakiuliza mimi ni nani mama mdogo huwaambia ni mtoto wa dada yake, amesoma sana. Kila Jumamosi simu hujaa, naye huniletea. Husimama nyuma yangu, huweka mkono wake juu ya kifundo cha mkono wangu, na hauondoi mpaka nibonyeze kitufe cha juu, kile cha kache, na kumrudishia.