Niliitafsiri filamu ya kisiwani nikachomeka posa yangu katikati

Wakuu, kwema humu? Mimi ni wa kusoma na kupita, leo nami natoa la kwangu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bagamoyo, na anayebisha aje Dunda amuulizie yule anayetafsiri filamu, ataletwa mpaka mlangoni kwangu.

Kwa wasioijua kazi hii: unachukua filamu ya Kizungu, unapunguza sauti yake, unashika maiki unaongea wewe. Mwanamume wewe, mwanamke wewe, hata mbwa akibweka ni wewe.

Kiingereza changu ni cha kidato cha nne. Nisipoelewa natunga. Hilo nalikiri mapema.

Sasa kulikuwa na Zuhura.

Nyumba yao inatazamana na banda letu la video. Alikuwa anashona kofia kwa mkono, barazani, na mimi nikawa na sababu nyingi sana za kufagia mlangoni. Mazungumzo yetu marefu kuliko yote yalikuwa siku nilipomwagizia kofia, akaniuliza kipimo cha kichwa changu. Nilikisahau. Kichwa changu mwenyewe, wakuu.

Wiki moja kabla ya Idd nikasikia mfanyabiashara wa Pangani kaleta barua ya posa kwa kina Zuhura. Baba yake, Mzee Shomari, kaahidi kutoa jibu Ijumaa baada ya sikukuu.

Nikamwambia mama kwamba nami nataka kuposa. Akanitazama.

"Utaposa na nini, mwanangu? Na maiki?"

Na kweli sikuwa na kingine.

Idd pili, baada ya alasiri, banda huwa la familia. Wanawake mikekani upande wa kushoto, wanaume kwenye mabenchi kulia. Siku hiyo bosi huchagua filamu za zamani kwa sababu zina staha. Na kama watu wa kwenye filamu wakianza kusogeleana, sheria ni moja: navua kofia nafunika lenzi ya projekta mpaka muziki uishe. Watu wanapiga makofi, maisha yanaendelea.

Filamu yenyewe ilikuwa ya vita, lakini vita viko mbali, unasikia mngurumo tu. Mpishi wa jeshi na nesi wamesahauliwa kwenye kisiwa ambacho hata kwenye ramani hakipo. Maji ya kunywa ni pipa moja. Wanagombana kutwa, mpaka nesi anachora mstari mchangani, huku kwako huku kwangu.

Nilikuwa sijawahi kuiona, lakini kile kisiwa nilikijua. Sijui nielezeje. Maji meupe, minazi imelala upande mmoja, watu wawili na hakuna wa kuwauliza mnatoka ukoo gani.

Bati la banda letu lina matundu ya misumari. Jua la jioni lilikuwa linapenya humo, vidoti vya mwanga vinatua mikekani, juu ya mitandio, juu ya mikono ya watu. Zuhura alikaa karibu na ukuta. Kidoti kimoja kilikuwa begani kwake na hakikuondoka. Nikawa natafsiri huku nimesinzia macho wazi. Nilijiona niko upande wa pili wa ule mstari wa mchangani.

Ndipo ikafika scene yenyewe.

Mpishi anamwendea nesi taratibu, kofia mkononi, anameza mate. Kwa kweli alikuwa anamwambia pipa limepasuka na maji yameisha. Kiingereza kilikuwa chepesi, nilikielewa chote. Lakini mdomo ulishika njia yake.

Nikasema kwenye maiki: "Kila siku nasema maneno ya watu. Leo nasema langu. Najua kuna aliyenitangulia, katoka mbali na ana mali. Mimi nina sauti hii na kofia uliyonishonea. Kabla hujajibu Ijumaa, jua kwamba nami nipo."

Kofia yenyewe ya mpishi ilikuwa ya jeshi. Na nesi wa watu hajawahi kushona hata kifungo.

Sijawahi kusikia feni zetu zinavyolia kama siku ile.

Nesi akafungua mdomo ajibu. Hapo wakuu, kazi yangu ni kumsemea. Ningeweza kumpa jibu lolote nilitakalo, maiki ninayo mimi. Nikashindwa. Nikaishusha. Nesi akasema Kizungu chake, na hakuna aliyetafsiri.

Mama mmoja akauliza, "Kasemaje huyo?"

Zuhura alikuwa ameinamisha kichwa, na kidoti kimehamia kwenye mtandio.

Nilipotazama mabenchi nikamwona Mzee Shomari amegeuka kabisa, ananitazama mimi, hatazami filamu. Alikuwa amekuja na wajukuu. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa ujanani alikuwa fundi mitambo kwenye meli za mizigo.

Watu walipotoka yeye alibaki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa.

"Melini tulikuwa na filamu tatu tu. Safari nzima, filamu tatu. Hii ni mojawapo, naijua kwa moyo. Yule mpishi anasema pipa limepasuka."

"Ndivyo, mzee."

"Kofia ya kushonewa umeitoa wapi?"

Ilikuwa kichwani kwangu. Nikaivua.

"Na yule mwanamke, mbona hukumsemea?"

"Nilishindwa, mzee. Jibu si langu."

Aliitazama ile kofia. "Umeniaibisha mbele ya mtaa. Posa haipelekwi kwa maiki. Na ungemjibia, usingekanyaga tena barazani kwangu. Lakini hukumjibia, hilo nimeliona. Yule wa Pangani sijampa neno bado. Wazee wako waje Alhamisi, waje na adabu uliyoisahau wewe."

Alhamisi baba mdogo alikwenda na wazee wawili. Mimi mposaji nilibaki nyumbani kama desturi ilivyo, mama na tasbihi yake, mimi na kucha zangu. Walirudi karibu na magharibi. Baba mdogo akaomba maji, akanywa gilasi nzima taratibu, Mungu anamwona.

Kisha akasema mzee aliingia ndani kumuuliza binti, akatoka na maneno yake: "Mwambieni lile jibu aliloliacha wazi kwenye filamu, ajaze ndiyo."

Nililia wakuu. Sioni haya kusema.

Huu ni mwaka wa pili tuko pamoja. Juzi tenki letu la maji lilianza kuvuja, nikasimama mlangoni kofia mkononi, sijui nianzie wapi kumweleza. Akacheka, akaniuliza kwa mara ya kwanza yule nesi alijibu nini hasa.

Nikamwambia ukweli. Alisema, "Sasa umesimama nini? Nenda kazibe."

Zuhura alininyooshea kidole kwenye tenki.

Nilichojifunza: sema lako hata kama sauti inatetemeka, ila usimsemee mtu ambaye jibu lake ndilo unalolihitaji.

Nanyi wakuu, lenu mlilisemaje? Andikeni hapa chini, matusi pia napokea. Nitasoma nikitoka kwenye tenki.