Maji Yaliyolala

Tuseme ukweli: kile kipimo cha maji nilikifunga ili nimshinde mama yangu kwa mabishano. Kazi yangu pale Masisi ilikuwa kutengeneza redio na simu. Nyumbani Lushebere tulikuwa na tanki ya maji ya mvua, na kila asubuhi mama alifungua robine, akamwaga maji kidogo chini, akafunga, ndipo akafungua tena kujaza bidoni yake ya kuchotea maji. Wakati wa kiangazi! Damu ilinichemka.

"Ile maji ililala mu tiyo," alisema. "Wewe unaweza kunywa maji yenye ililala?"

Basi nikaweka ndani ya tiyo, lile bomba la kutoka kwenye tanki, kagurudumu kenye sumaku. Maji yakipita kanazunguka, na kila mzunguko unapeleka pigo moja la umeme kwenye kisanduku chenye paneli ya jua na laini ya simu. Kisanduku kinahesabu mapigo, na robine ikifungwa kinanitumia mesaji kwenye simu. Kila asubuhi zilikuja mbili: ndogo ya maji ya kumwaga, kisha kubwa ya bidoni. Nilimwonyesha mama. Akaniuliza kama sina kazi.

Vita ilipofika, mama alikataa kukimbia. "Mara ya kwanza nilikimbia, wakaiba mulango. Mwende. Mimi njo nitachunga mulango." Simu hakutaka kubaki nayo, alisema inamupigia kelele. Mimi na mke wangu tukatembea bila yeye hadi Hombo, kwa shemeji yangu mwenye duka. Nilimkasirikia njia nzima, hasa kwenye milima.

Mtandao ulipotupata Hombo, simu ikalia asubuhi. Ndogo, kisha kubwa. Nikacheka mbele ya wateja. Mama yuko mzima, anaendelea kuharibu maji! Tangu hapo mke wangu hakuweka chai motoni kabla ile ndogo haijaingia.

Halafu asubuhi moja ikaja mesaji moja tu, kubwa.

"Pengine mama amesha kukusikia," mke wangu akasema, bila kuniangalia.

Mama yangu? Aliyebaki vitani kwa sababu ya mlango? Kesho yake, kubwa tena. Kesho kutwa, kubwa. Kulikuwa na mtu mwingine anayejaza bidoni nyumbani kwetu, na hakumwaga hata tone. Maji yalitumika vizuri kabisa, vile nilivyoomba miaka yote ile. Nikakaa juu ya gunia la mchele, nikalia mpaka shemeji akafunga duka.