Gobore Juu ya Punda

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Iramba, kilikuwa na shamba la mtama ambalo nguruwe pori walilifanya lao. Mjomba wangu, mwenye gobore, alichoka kulizunguka shamba kwa miguu akililinda, akapanda punda. Watu walicheka wakishika mbavu, maana kwetu punda hubeba magunia, si mwanamume mzima.

Alifyatua mara moja, akakosa. Kushindilia baruti upya hakuweza, kwa sababu gobore hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, kitako kikiwa chini, na mtutu wake ulikuwa mrefu mno. Ikabidi ashuke. Nguruwe hawakumngoja.

Swali likaninyima raha. Askari wa farasi wa zamani, waliobeba bunduki za kushindilia kama hiyo, waliwezaje? Kwa nini bunduki fupi ya mpanda farasi ilichelewa kubuniwa?

Nikamfuata mhunzi aliyelitengeneza gobore lile.

"Shikamoo babu. Mbona hukuwahi kutengeneza bunduki fupi, ya mtu aliyepanda mnyama?"

"Marahaba. Ningeiwazia wapi? Mimi nimepanda punda lini?"

Nadhani hata wale askari wa farasi walitengenezewa bunduki na watu waliotembea kwa miguu.