Kisubi Aliyeaminiwa

Vita vilipotufukuza Uvira, kule Congo, watu wenye akili walibeba sufuria. Mimi nilibeba kopo la chupa ndogo za visubi, wale ndugu wa mbu wasiouma, niliowakusanya miaka mingi kwenye vijito vya milimani kwa ajili ya maabara. Mke wangu hajanisamehe. Kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kila alipokwenda kuazima sufuria kwa jirani, aliniuliza kwanza, "Baba batoto, leo utatupikia badudu?"

Spiriti ya kuwahifadhi ilipokauka chupani nikaongezea kachasu, pombe kali ya huku Malawi. Mzee wa kanisa aliniona nikinunua, na Jumapili nikaombewa mbele ya watu wote, mlevi aliyepotea. Nilipiga magoti. Ningewaeleza nini?

Shida yenyewe ilikuwa faili letu la kuomba ukimbizi. Afisa wa mahojiano hakuamini kwamba natoka milima ya Uvira, na asipoamini, tungerudishwa kule kule kwenye risasi. Nilimtajia vijito vyote kwa mpangilio, toka juu hadi ziwani. Akasema vijito hivyo havimo kwenye ramani yake, nilete shahidi.

Siku hizo mtaalamu mmoja wa wadudu alikuwa amefikia Lilongwe, mtaa wa Area 49. Nikampelekea kopo. Baada ya wiki mbili alinionyesha kwa hadubini mkia wa dume mmoja. Visubi hutambulikana hapo, kwenye uume, na huu haukufanana na wowote vitabuni. Spishi mpya. Katika maelezo yake aliandika kijito, mwinuko na siku, vyote kutoka kwenye kikaratasi nilichoandika kwa penseli na kukitia chupani. Hakuniuliza hata mara moja shahidi wangu ni nani. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Nakala ya maelezo hayo nikaipeleka kwa afisa. Aliisoma yote, taratibu, kisha akazungumza na mkalimani, mtu wa Fizi, jirani na kwetu.

"Anasema mududu iko ya Congo, anakubali," mkalimani akaniambia. "Sasa we, nani atakushuhudia?"

Nikamjibu kwa ukali. "Mwambie, huyo mududu hana shahidi mwingine ila mimi. Mi njo niliandika ile karatasi."

Mkalimani alimtazama afisa, akanitazama mimi, akashusha sauti.

"Ndugu yangu, hiyo sitamwambia. Atamukatala hata na mududu."