Sponji Aliyoishika Mama Feza

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji hapa Kalemie, daktari mkurugenzi aliniwekea mkononi koleo la kumegea mfupa, akaniambia nijue kulishika kabla sijajua majina ya watu. Enzi hizo, ili kuunganisha pingili mbili za uti wa mgongo, mgonjwa alipasuliwa mara mbili: mgongoni, na juu ya nyonga tulikochukua mfupa wake mwenyewe. Mimi niliumega ule mfupa uwe kama chumvi ya mawe, daktari akaupanga kando ya pingili zilizokazwa kwa skrubu. Wengi walipona mgongo, wakabaki wakilalamikia nyonga.

Nilipelekwa Moba, kisha Kongolo, na kila niliporudi koleo lilikuwa langu. Mama Feza, muuguzi aliyeanza kazi nyuma yangu, nilimfundisha mwenyewe, tangu kunawa mikono hadi kupanga vyombo.

Ndipo akaja daktari mpasuaji mpya, akamchagua yeye kwenda Lubumbashi kujifunza njia nyingine. Aliporudi alitueleza habari za protini ya kukuza mfupa: unga unayeyushwa kwa maji safi ya dawa, unanyweshwa sponji laini, na sponji ikiwekwa mahali pake inaziita chembe za mwili zije kujenga. Mjamzito hapewi, wala mwenye saratani, na ikivuja pembeni huweza kuotesha mfupa pasipotakiwa. Alieleza vizuri. Hilo ndilo lililoniuma.

Mwaka huohuo mdogo wangu Shabani, mbeba mizigo wa bandarini, alianguka kutoka juu ya lori. Pingili zilisogea, mguu mmoja ukafa ganzi. Nilikuwa nimeshavaa nguo za kazi daktari aliponizuia mlangoni.

"Mama Zaina, leo hautaingia. Mugonjwa ni ndugu yako. Mama Feza atanisaidia."

"Na koleo atashika nani?"

"Leo hatukati nyonga, Mama. Koleo haina kazi."

Nikakaa kwenye benchi la jamaa za wagonjwa. Niliomba Shabani apone, na papo hapo nikatamani Mama Feza atoke kuniuliza jambo. Hakutoka.

Baada ya miezi kadhaa picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeziba pengo. Shabani alikuja kwangu bila fimbo kuniambia mke wake amejifungua.

"Yaya, mutoto tutamuita Feza. Ule mama njo alinisimamisha."

Shabani huyu, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, nilimlea mgongoni tangu mama yetu alipofariki. Nikamwambia jina ni zuri.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaoanza kazi, jifunzeni mapema njia mpya. Wagonjwa wenu hawateseki kama wa enzi zetu. Binti wa Shabani anakaa kwangu kwa kuwa shule iko karibu. Kila asubuhi natoka uani kumwita anywe chai, na majirani wote wananisikia nikilitaja jina la Mama Feza kwa upole.